Nyumba Isiyo na Ardhi

Friji langu lilikuwa na tabia mbaya. Ukiligusa umevaa kandambili linakutekenya. Ukiligusa peku linakung'ata. Wateja walizoea kulifungua kwa kitambaa, na mimi nikazoea kuona maisha ndivyo yalivyo. Duka lenyewe ni kibanda cha mabati uani kwangu, hapa Karatu, mlango ukitazama barabara ya kwenda geti la kreta, ile ya wanyama na watalii. Humo nilikuwa nauza soda na mtindi toka asubuhi hadi giza, na mama mkwe ameketi nje kwenye kigoda, ananitazama.

Niseme ukweli, nilikuwa nimechoka. Mume wangu ni dereva wa watalii, wiki nzima yuko porini na simu haipatikani. Mama yake alihamia kwetu kutoka Olbalbal baada ya ukame kumaliza ng'ombe wake. Mimi Mchaga, yeye Mmaasai. Kiswahili chake cha kuokoteza, Kimaasai changu aibu tupu. Nikienda sokoni, anauliza narudi lini. Nikicheka na mteja, anakohoa. Kwenda kwa mama yangu Rombo hata siku mbili haiwezekani, maana nani atabaki naye? Nilikuwa kama mbuzi wa kamba: majani nayaona, shingo haifiki.

Kitu kimoja tu kilikuwa kitamu kati yetu. Siku naolewa alinipa ndama jike, na kwa desturi yao aliyekupa ndama hamuitani tena majina, mnaitana Paashe, yeye na wewe, mpaka kufa. Ndama mwenyewe alikufa na wenzake kule Olbalbal. Jina likabaki.

Basi siku moja, nilipochoka kung'atwa, nikamwita fundi umeme. Akapima friji, akapima kuta, akatikisa kichwa, halafu akatangaza kwa ile sauti kubwa ya mafundi: "Mama, tatizo lako nimeliona. Nyumba hii haina ardhi!"

Alimaanisha waya wa ardhi, ule wa kijani na njano unaopeleka chini umeme unaovuja ili usipite kwenye mwili wa mtu. Mimi nilimwelewa, nikamwambia afanye kazi. Akaunga waya kwenye friji na kwenye mabati, akaushusha mpaka kona ya kiwanja, na pale akagongelea fimbo ya chuma. Ilipoingia kama urefu wa mkono, udongo mkavu ukamshinda. Akaikata iliyobaki, akasema inatosha. Kanjanja yule! Lakini friji lilitulia, nikamshukuru.

Mama mkwe aliitazama ile fimbo mpaka chai yake ikapoa.

"Paashe," akaniuliza, "huyu katoka ofisi gani?"

"Hana ofisi huyo, ni fundi tu," nikamjibu, nikarudi kwa wateja.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana mmoja wa wiki iliyofuata. Upepo ukabamiza mlango wa kibanda, komeo likajifunga, na mimi niko ndani. Nikanyoosha mkono kwenye komeo. Mama yangu! Kitu kilinidaka kiganja, kikanitikisa mpaka begani, kikanitupa juu ya makreti ya soda. Nikakaa pale meno yanagongana. Nilipopata akili nikagusa ukuta kwa ncha ya kidole: shoti. Kibanda kizima kilikuwa na umeme. Soketi iko nyuma ya friji, na maji yalikuwa yanachuruzika juu yake. Nikalisukuma komeo kwa mpini wa fagio, likakataa. Nikabaki nimesimama juu ya kreti la plastiki, mabati pande zote, mvua inapiga bati juu ya kichwa changu, nikalia kwa hasira. Kumbe hata duka langu nalo linanifunga!

"Paashe! Umeanguka?"

Nikachungulia kwenye upenyo. Alikuwa anakuja peku kwenye maji, katambuga zake za tairi amezishika mkononi zisiingie matope.

"Usiguse mlango!"

Akasimama. Uso wake ukabadilika. "Unanifungia? Mlango wa mtoto wangu, mimi nisiguse?" Akanyoosha mkono.

Jamani, niliogopa. Kukohoa kwake kote, maswali yake yote, yalinitoka akilini. Niliona anakufa mbele ya macho yangu, na hayo maneno ya soketi na kuvuja kwa umeme nitamwelezaje kwa Kiswahili anachokijua? Nikapiga kelele:

"Paashe! Kwa yule ndama uliyenipa, usiguse!"

Mkono ukasimama hewani. Kisha akaushusha.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Chukua fimbo yako ya mti. Nenda nyumba kubwa, ukutani kuna kisanduku cheupe. Ile swichi kubwa, ishushe."

"Ile ulinikataza."

"Leo nakuruhusu. Kwa fimbo, mkono usitumie!"

Akaondoka. Nikasikiliza lile friji linavyonguruma, nikaomba kwa kila mtakatifu ninayemjua. Halafu likanyamaza.

Nilitoka, nikaenda moja kwa moja kwenye kona ya kiwanja. Pale palikuwa na shimo, na waya umelala kwenye matope.

"Nani kaing'oa?" nikafoka. "Nauliza, nani?"

Mama mkwe akaingia chumbani kwake, akarudi na ile fimbo ya chuma, ameifunga kwenye shuka.

"Yule mtu alisema nyumba ya mtoto wangu haina ardhi," akasema. "Halafu akapanda chuma kwenye kona. Mimi najua vyuma vya kona, Paashe. Ni bikoni, alama za mpaka. Wakishapanda, wanakuja kukuambia hama. Jana usiku nikaking'oa. Nimehama mara moja. Sina pengine."

Nikaketi naye barazani, nikamweleza kwa mikono kuliko kwa maneno: umeme ukipotea njia, chuma hiki ndicho kinaupeleka ardhini. Kikitolewa, nyumba inatuua.

"Na kikirudi?"

"Kikirudi, nyumba ina ardhi."

Akakitemea mate kidogo, kama wanavyobariki mtoto. Akakipima kwenye mkono wake, toka kiwiko hadi vidole, akanikazia macho.

"Sasa mbona kifupi hivi?"