Uzito wa Kwenye Kiti cha Dereva

Mume wangu anajulikana kama Fundi Kamba. Namwita mume wangu kwa sababu kuniacha ameniacha, ila kuniambia hajaniambia. Kazi yake ni kunyoosha magurudumu ya magari nyumbani, bila mashine. Anafunga kamba mbili, moja kila ubavu wa gari, anapima kutoka kamba hadi tairi, kisha anaingia uvunguni kuzungusha tairodi, vile vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele, mpaka yatazame yanakotakiwa.

Kazi hiyo inataka mtu akae kwenye kiti cha dereva, ili gari liiname kama linavyoinama likiwa safarini. Kwa miaka kumi na tisa mtu huyo nilikuwa mimi. Mteja akiuliza, "Na mama naye ni fundi?" mume wangu alicheka huko huko uvunguni.

"Huyo? Huyo ni uzito tu."

Nami nikacheka, mjinga mimi. Hakuna aliyeuliza uzito ule unafanya nini na mikono. Tairodi ikizungushwa, usukani nao unataka kwenda. Niliushika kwa mikono na magoti, huku nikichungulia dirishani anavyopima, maana sikuwa na kingine cha kutazama.

Mwaka jana akahamia kwa msusi wa mtaa wa pili. Alibeba jeki, spana, futi ya kupimia, na kamba yangu ya kuanikia nguo, ile nzuri ya nailoni, akaikata vipande viwili vya kazi. Alichoshindwa kubeba ni sakafu ya uani, niliyoisawazisha kwa mikono yangu nikiwa na mimba ya miezi saba, yeye akielekeza kwa kidole. Kwa msusi uwanja umeinama kama paa.

Haikupita miezi mitatu, mkunga wa zahanati akaja kunionyesha tairi zake mpya. Zimelika upande wa ndani hadi waya.

"Fundi Kamba anasema ni barabara," alisema.

"Barabara siku hizi hazina adabu," nikamjibu.

Mkunga alikuwa bado hajaondoka, mume wangu akaingia na kaka yake mkubwa, msusi nyuma yao amebeba kamba na spana. Shemeji akakaa kwenye kiti changu, akakohoa.

"Shemeji, tusizunguke. Fundi anahitaji uwanja wake wa kazi. Wewe utatafutiwa chumba mahali."

"Na huyu bibie atalala kwangu?"

Msusi akatazama kucha zake.

"Sawa," nikasema. "Gari la mkunga lile pale. Alinyooshe hapa hapa, juu ya sakafu hii, mtu wake akiwa kwenye kiti. Likienda sawa, nabeba masufuria yangu leo leo. Lisipoenda, uwanja na nyumba ni vyangu, na wewe shemeji ndiye shahidi."

"Umesema mwenyewe," akasema mume wangu, tayari anakunja mikono ya shati.

Msusi akapanda. Alikaa vizuri, sina la kusema juu ya ukaaji wake. Ila kila bwana alipoingia uvunguni, yeye alijiinua ajitazame kwenye kioo, na kujiinua lazima ushike kitu. Akashika usukani. Mimi kimya. Miaka kumi na tisa nimefundishwa kunyamaza, siku hiyo ikanifaa.

Mkunga akalijaribu, shemeji pembeni yake. Usukani ukinyooka, gari linakwenda mtaroni. Shemeji alirudi jasho linamtoka.

"Ni barabara," akasema mume wangu.

"Ingia ukae," nikamwambia.

"Nani?"

"Wewe. Shika usukani, usitikisike."

Futi siisomi. Nilichukua mti wa fagio, nikaupitisha nyuma ya magurudumu ya mbele, nikaukata mpaka ukaenea sawasawa kati ya tairi na tairi. Nikauhamishia mbele yake. Hapo unatakiwa ugome kuenea, kwa unene wa kijiti kimoja cha kiberiti. Ulipwaya. Nikazungusha tairodi, kidogo kulia, kidogo kushoto, nikitazama kamba zake, nikakata mti mwingine, nikarudia.

"Bado?" akauliza kutoka kitini.

"Usitikisike."

Fagio la tatu likagoma kama nilivyotaka. Mkunga akaenda tena na shemeji, akaachia usukani, gari likanyooka hadi dukani.

"Bahati tu," akasema mume wangu.

"Mimi nilikuwemo ndani ya gari mara zote mbili," akajibu shemeji. "Chukua kamba zako twende."

"Kamba ni yangu," nikasema. Wakaiacha.

Bango la nje bado linasema Fundi Kamba. Wateja wakimuulizia, nawaambia ametoka. Kwenye kiti naweka magunia mawili ya mchanga, na usukani naufunga kwa mkanda wake wa suruali, aliousahau nyuma ya mlango. Magunia hayaulizi kama bado. Wiki iliyopita alimtuma kaka yake aje kuuchukua. Nikampa shemeji chai, nikamwambia amwambie mdogo wake mkanda uko kazini.