Kinyozi na Matete ya Bwawa

Shangazi yangu alikuwa anafuga perege nyuma ya nyumba, katika bwawa la kando ya mto alilolichimba mwenyewe kwa jembe na hasira. Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Kinyozi hata baada ya kufunga kibanda chake, hana ubaya na mtu. Tatizo lake ni moja tu: haoni kitu kilichorefuka akakiacha.

Kandokando ya bwawa yaliota matete, na ndani yake waliishi ndezi, wale panya wanono wenye manyoya magumu, hodari wa kuogelea. Usiku walitafuna mabua, mchana walilala. Hawakuwagusa samaki, na shangazi hakuwa na ugomvi nao.

"Ukiwanyima nyumba watahama," Kinyozi alisema, huku akinoa panga.

"Baba Watoto, waache. Hayo matete yanashika udongo."

"Wewe lea samaki wako, usafi niachie mimi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Shangazi alipokwenda kumwuguza dada yake, mzee aliyafyeka matete yote, tuta la kuzuia maji likabaki kipara. Hata pembeni alichonga laini, kana kwamba anamwandaa bwana harusi!

Ndezi hawakuhama. Walichimba mashimo ndani ya tuta lenyewe. Shangazi aliporudi alikuta maji yanachuruzika upande wa mtoni, na samaki wale ndio mavuno yake ya kwanza, wamebakiza siku chache tu wavuliwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, basi yeye akaziba kwa mawe, udongo na magunia, tope hadi magotini, akiwalaani wote wawili, mnyama na mume. Mzee naye anakuja kusimama juu ya tuta hilohilo.

"Shuka!"

"Nakagua tu, mama."

"Shuka, nakuomba!"

Mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi tuta lilikuwa limekatika na perege wameondoka na mto. Nilimkuta shangazi amesimama kwenye tope, ndoo mkononi, ndani mna visamaki viwili.

Kinyozi akakohoa. "Angalau ndezi wamehama," alisema, akionyesha ng'ambo ya mto, kwenye matete ambayo hajawahi kuyafikia.

Shangazi aliyatazama matete yale.

"Wao wamepata pa kuhamia," alisema. "Mimi nitahamia wapi, na wewe ndiye mume wangu?"