Kulia kwa Mkono

Ofisini walimwita Binti Malori, na jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa mdomo wake. Wiki ya kwanza ya kazi, wakati wa chai, kila mmoja alikuwa anawataja wazazi wake: huyu mama yake mhasibu, yule baba yake mwalimu wa chuo. Zamu yake ilipofika akasema, "Baba yuko kwenye usafirishaji." Hapo hakudanganya. Ila jirani yake wa meza, bwana mmoja waliyemwita Redio kwa kuwa hakujua kunyamaza, akadakia: "Ana malori?" Angesema hapana, ni dereva tu, mambo yangeishia hapo. Ulimi ukateleza, au tuseme aliuachia uteleze, akajibu, "Anayo machache." Machache! Baba wa watu hakuwahi kumiliki hata toroli.

Kazi yenyewe ilikuwa kupokea simu za waliokwama na programu ya ramani, ile inayokaa kwenye simu na kumwelekeza dereva njia kwa sauti ya mwanamke. Meza zilipangwa bega kwa bega ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, na mchana kutwa maneno yalikuwa yaleyale. Umewasha mahali ulipo? Bando lipo? Sauti umeipandisha? Basi zima simu, halafu iwashe. Wengi walipona kwa hiyo ya mwisho. Mshale ukionyesha upande usio wake, mteja aliambiwa ainue simu na kuizungusha hewani kana kwamba anaandika namba nane, hadi dira iliyomo ndani ipate akili. Msicheke, ni tiba ya kweli. Tabu yake ni kwamba mtu akiifanya barabarani, wapita njia hudhani anafukuza nzi.

Binti alizungumza na wateja kwa sauti ya ofisini, nyembamba, ya puani kidogo, waliyofundishwa kwenye mafunzo. Mama yake alimsikia nayo siku moja akamuuliza kama ana mafua.

Kwao alikuwa kitindamimba, na baba yake hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita mama, kwa sababu alipewa jina la bibi yake mzaa baba. Wanawake wengine wote mzee aliwaita dada. Hata muuza duka mwenye wajukuu wake alikuwa dada. Mama alikuwa mmoja tu. Binti alipoanza shule, kila asubuhi alikuwa anafika njia panda, anaona geti kwa mbali, anaangua kilio. Mzee, ambaye alimsindikiza kabla ya kwenda kuchukua gari, alikuwa anamtikisa mkono na kumwambia, "Hapa tunakata kulia. Ni kulia kwa mkono, mama, si kulia kwa machozi." Mtoto alikuwa anacheka na kamasi zake, kicheko chenye kwikwi mwishoni. Amekua, kamasi zimekauka, kicheko na kwikwi yake vimebaki vilevile.

Sasa mzee, mvi zimemjaa, alikuwa anaendesha gari la zahanati binafsi ya figo. Aliwachukua wagonjwa wa figo majumbani, akawapeleka kusafishwa damu, akawarudisha. Siku zote alienda kwa kichwa chake. Akaja meneja mpya, akataka kila dereva afuate mshale wa kwenye simu, na akatangaza kwamba atakayechelewesha wagonjwa atarudisha ufunguo. Mzee hakumwambia binti yake. Angeanzia wapi? Alishawatambia madereva wenzake kwamba yule dada anayesema ndani ya simu ni wa ofisini kwa mwanangu, mwanangu ndiye anayemtengeneza. Na binti hakuwahi kumsahihisha. Mnaona wenyewe tabia yake. Mzee aliona aibu baba wa mtaalamu kushindwa na kishale. Akapiga namba ya msaada kama mteja yeyote.

Simu hiyo aliipokea Redio.

"Kaka, kishale changu kimelala," mzee alisema. "Hakiendi mbele, hakirudi nyuma. Na huyu dada wa humu ndani ananiambia nigeuke kulia. Kugeuka nimegeuka, na gari zima, natazamana na nilikotoka. Kulia ndiyo bado. Nilie?"

Maana dereva wa siku zote husema kata kulia. Ukimwambia ageuke, anageuza gari.

Redio alikuwa ameshabonyeza spika, na ofisi nzima ikalipuka. Binti aliijua sauti ile tangu neno la kwanza. Akainamia kioo cha kompyuta yake kama mtu aliyepoteza kitu humo ndani, masikio yakiwaka moto, akangoja wamalize kucheka. Tangu siku hiyo mzee akawa Mzee Kishale. Alipiga mara kwa mara. Walimwambia azime na kuwasha, akazima na kuwasha, kishale kikaamka. Kesho yake kimelala tena. Hakuna aliyejisumbua kumuuliza zaidi. Binti angeweza kusema neno moja, "Jamani, huyo ni baba," na hakulisema. Kila asubuhi aliondoka kwake akiwa ameliandaa, kila jioni alirudi nalo.

Siku moja simu ya mzee ikaangukia meza yake.

"Mzee Kishale huyo!" Redio aliiona namba. "Weka spika, Binti Malori, usile peke yako!"

Akaweka. Mtu mzima, kwa vidole vyake mwenyewe, akaweka.

"Dada, habari za kazi," mzee alisema. "Kimelala tena. Na kikiamka kinatazama kinyume."

Binti alibana pua. "Pole mzee. Shuka garini, inua simu, uizungushe kama unaandika namba nane."

"Hapa barabarani?"

"Hapohapo."

Wakasikia mlango wa gari. Wakasikia pumzi za mzee akihangaika. Wakasikia mpita njia akimuuliza, "Mzee, unafukuza nini?" na yeye akajibu kwa heshima zote, "Naandika nane, kaka." Redio akaangukia meza. Na binti akacheka. Ningependa kuwaambia kwamba alijilazimisha ili asishtukiwe, lakini sivyo. Alicheka kweli, kwa sababu baba yake anachekesha, amemchekesha tangu hajui kutembea. Kicheko kikamtoka chote, na kwikwi yake mwishoni.

Upande wa pili kukawa kimya. Hata Redio alidhani simu imekatika.

"Asante, dada," mzee alisema mwishowe, na ikakatika kweli.

Binti alikwenda chooni akafungulia bomba asisikike. Alijiona hafai hata kujitazama kwenye kioo. Sauti alikuwa ameibadilisha, sawa, lakini nani abadilishe kicheko? Alijipa moyo kwamba mzee masikio yake yamechoka, kwamba barabarani pana kelele. Akanawa uso, akarudi mezani, akapokea simu nyingine.

Jumapili akaenda kwao, amekusudia kusema yote. Alimkuta mzee sebuleni, simu yake juu ya meza, kioo chake kimefifia mno hata usingejua kama inawaka. Binti alitoka msalani akaacha taa inawaka. Mzee akanyanyuka bila neno, akaenda kuizima. Ndivyo alivyo. Katika nyumba ile watu wamelelewa wakifuatwa nyuma na mkono unaozima taa.

"Kazini hamjambo?" mzee aliuliza.

"Hatujambo, baba." Akaitazama simu ya mezani. "Simu yako haikusumbui? Nikuangalizie?"

"Haisumbui hata kidogo. Inaniongoza vizuri kabisa."

Wakatazama televisheni. Maneno aliyokuja nayo hakuyatoa. Jikoni, mama yake alimvuta kando. "Baba yako amepewa onyo," alinong'ona. "Akichelewesha wagonjwa mara nyingine, ufunguo anarudisha. Usimwambie nimekwambia, atanuna wiki nzima." Binti akaitikia kwa kichwa. Alifika kwake jioni, anavua viatu, ndipo akagundua kwamba kutwa nzima baba yake hakumwita mama. Hata mara moja. Akakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni.

Baada ya hapo Mzee Kishale hakupiga tena. Redio alianza kumuulizia kama mtu wa nyumbani. Binti naye, kila taa ya simu ilipowaka, aliomba isiwe yeye, na papo hapo aliomba iwe yeye.

Asubuhi moja ikawa yeye, na mezani kwake.

"Kafufuka!" Redio akapiga makofi, na binti alipochelewa kidogo, yeye mwenyewe akanyoosha mkono kupitia juu ya meza akabonyeza spika. Viti vikasogea.

"Dada, samahani kukusumbua," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa na haraka ambayo hawakuwahi kuisikia. "Nina mgonjwa humu garini, bibi mmoja, anatapika na miguu imemvimba. Njia yangu ya siku zote wameifunga, wanachimba mabomba. Nimeingia mitaa nisiyoijua. Na kishale kimelala. Nimezima, nimewasha, nimeandika hiyo nane mpaka mkono unauma."

Mtu mmoja nyuma akafyatua kicheko. Binti hakukisikia. Alikuwa anauona ule mkono unaozima taa ya msalani, na kile kioo kilichofifia juu ya meza.

"Tazama juu kabisa ya simu," alisema, na sauti ya puani ilikuwa imemtoka asijue imekwenda wapi. "Pana picha ya betri. Ni ya njano?"

"Njano, ndiyo."

"Umewasha kiokoa chaji."

"Nakiwasha kila asubuhi. Si chaji inaisha bure?"

"Kizime. Ndicho kinachokilaza kishale. Vuta kioo kutoka juu kwenda chini, ubonyeze hiyohiyo betri."

Wakasikia mgonjwa akigumia na mzee akimwambia, "Vumilia kidogo, dada." Kisha: "Eh! Kimeamka. Kinatembea."

"Unaiona njia?"

"Naiona. Huyu mwenzako ananiambia nigeuke kulia."

"Usigeuze gari," binti alisema. "Kata kulia. Kata tu, kama ile kona ya shule, baba."

Redio akanyanyua nyusi. "Baba?"

Binti akasimama. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu, lakini alisema, na alisema kwa sauti iliyofika mpaka meza ya mwisho. "Ni baba yangu. Baba yangu mzazi. Hana lori, hajawahi kuwa nalo. Ni dereva wa zahanati, na huyu mnayemcheka kila siku ni yeye, na mimi nimemcheka pamoja nanyi."

Redio alikuwa anatazama vidole vyake. Simu bado ilikuwa kwenye spika, injini inanguruma humo ndani, na mzee alikuwa amesikia yote.

"Hapana, dada," mzee alisema haraka, kwa sauti ya kuomba radhi, kana kwamba kosa ni lake. "Umenifananisha. Wazee tunafanana sauti. Jamani mliopo hapo, msimtanie huyo dada, amenifananisha tu. Mwanangu mimi hapokei simu. Mwanangu ndiye anayeitengeneza."

Binti alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Kilio kikampanda, akakibana, kikampita, kikatoka kwa sauti mbele ya watu wote, na mwisho wake kikawa na kwikwi ileile.

Wakasikia indiketa ya gari ikigonga, tik, tik, kisha tairi likipanda ukingo na kushuka.

"Nimeshakata," mzee alisema. "Geti la zahanati naliona, wanakuja na kiti cha magurudumu." Akakohoa. Kisha akasema polepole, sauti imeshuka kama ya mtu anayemwinamia mtoto: "Ni kulia kwa mkono, mama."

Akakata simu, maana alikuwa na mgonjwa wa kuteremsha.