Tasnifu ya Kissa Kuhusu Jeshi Lisilokuwa Tayari

Kissa Mwakalinga alitoka Tukuyu kwenda Guangzhou mwaka 1995 kwa ufadhili wa masomo. Mwaka wa kwanza alijifunza Kichina, kisha akaanza shahada ya uzamili ya historia katika chuo kilicho jirani na soko la vitambaa la Zhongda. Siku asizokuwa na darasa aliwatafsiria wafanyabiashara wa Kiafrika waliofuata majora ya kitambaa pale sokoni.

Mada ya tasnifu yake iliwashangaza wengi. Alitaka kueleza kwa nini Marekani, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliacha jeshi lake lisinyae hadi vita ya pili ikalikuta halijajiandaa.

"Sasa hiyo itakusaidia aje?" aliuliza Jeremiah, mfanyabiashara wa Nairobi, walipokuwa wakitoka kwa laoban mmoja, mwenye duka aliyegoma kushusha bei. "Si ungesomea biashara tu?"

"Biashara unanifundisha wewe bure," Kissa alimjibu, na Jeremiah akacheka.

Rasimu ya kwanza aliiandika haraka. Alieleza jinsi sheria ya mwaka 1920 ilivyoruhusu jeshi kubwa kiasi, lakini Bunge likawa linapunguza fedha kila mara. Wananchi walikuwa wamechoka na vita, na wengi waliamini kwamba bahari mbili na manowari zao zingewalinda. Kisha akafika mwaka 1940, wakati vijana walioitwa jeshini walipofanya mazoezi kwa bunduki za mbao, na malori yakabandikwa vibao vya kuyaita vifaru. Hapo Kissa aliandika kwa kejeli. Aliliita jeshi la maigizo.

Msimamizi wake, Profesa Liang, aliisoma sehemu ile mara mbili.

"Unawacheka," alisema. "Ni sawa, wengi wamewacheka. Lakini aliyeishika ile bunduki ya mbao alijionaje? Hapa hujasema."

"Laoshi, sijui," Kissa alijibu, akimwita mwalimu kwa Kichina.

"Basi tafuta kujua."

Kissa alitoka akiwa na aibu, maana alimjua mtu wa kumuuliza. Baba yake alikuwa mgambo aliyepelekwa vitani majeshi ya Uganda yalipovamia Kagera mwaka 1978. Nyumbani hakuna aliyewahi kumsikia akisimulia. Ukianza kuuliza, alichukua jembe na kwenda shambani.

Alipanga na shangazi yake aliyefanya kazi posta ya Tukuyu amwite baba yake pale, na Jumamosi moja akampigia baba yake simu kutoka kwenye duka la simu karibu na lango la chuo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Kuna nini? Unaumwa?"

"Mzima kabisa. Nataka kukuuliza kitu cha masomo, naandika kuhusu jeshi la Wamarekani. Mlipofundishwa kwenda vitani, mlikuwa na bunduki?"

Kissa alimsikia akivuta kiti.

"Za mbao," baba yake alisema. "Tulichonga wenyewe."

"Mlijisikia vibaya?"

"Hapana. Ile ya mbao ilinifundisha kulala chini, kutambaa, kugeuka. Haikuwa mchezo. Ila ya kweli tulipewa tukiwa tunakaribia kuondoka. Nilikuwa na rafiki, Theophil. Hakuwa amezoea hata kuijaza risasi. Alikufa mbele yangu, anahangaika nayo." Akakohoa. "Simlaumu mtu, adui alikuwa ameshaingia. Lakini angepata miezi miwili tu zaidi, mama. Miwili tu."

Kissa aliandika "miezi miwili" kwenye daftari lake.

"Usiniandike kwenye hayo masomo yako," baba yake aliongeza. "Andika mambo ya Wamarekani."

Alitii. Lakini aliifuta kejeli yote na kuiandika upya sura ile, safari hii akifuatilia muda wa mazoezi: nani aliupata na nani hakuupata. Vijana walioitwa mwaka 1940 waliupata, wakafundishwa kwa mbao hadi silaha zikafika. Wanajeshi wa Ufilipino, waliokuwa chini ya Marekani na kukusanywa harakaharaka mwaka 1941, hawakuupata, na vita ikawakuta wengi wao hawajapiga shabaha ipasavyo.

Siku ya kuitetea tasnifu, mwaka 1999, mtahini mmoja alimbana.

"Wengine wote wanapima fedha na silaha. Wewe kwa nini unapima muda?"

"Niliambiwa na mtu aliyekuwa askari," Kissa alisema. "Ameomba nisimtaje."

Mtahini hakuridhika sana. Walimpa alama ya kufaulu, si ya juu.

Wiki chache baadaye shangazi yake alimweleza kwamba baba yake, tangu simu ile, hakutulia hadi alipofunga safari kwenda Kyela, kwa mama mzazi wa Theophil, akakaa naye siku nzima akimweleza mwanawe alivyokufa. Bibi yule alikuwa akiisubiri habari hiyo kwa miaka ishirini.

Kissa alibaki Guangzhou kwa muda, akiwatafsiria wasafirishaji mizigo waliokuwa na ofisi katika jengo la Tianxiu. Kisha akarudi nyumbani, akaajiriwa kufundisha historia katika sekondari moja ya Iringa.