Kompyuta Iliyogoma Kuwaka

Virusi viliingia kwenye kompyuta yetu wiki ile ile ambayo dada yangu mdogo alitakiwa kuwasilisha kazi yake ya kumaliza masomo ya uuguzi. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa nyumba, kwa kuwa nilikuwa karani wa kompyuta kule kwenye machimbo ya Kakontwe kabla kazi hazijasimama. Tangu hapo kila kitu chenye waya kililetwa kwangu, hata pasi.

Nilifuta diski yote, nikaipanga upya, halafu nikaanza kurudisha nakala zetu kutoka kwenye disketi, moja baada ya nyingine. Kazi ya dada ilikuwa humo na si mahali pengine popote. Kurasa alizoziandika kwa mkono alishampa mama, naye alizifungia karanga akaziuza sokoni. Nusu ya mtaa wetu wa Kikula ilikula karanga juu ya utafiti wa dada yangu. Tulilicheka sana jambo hilo, kabla ya siku ile.

Miaka hiyo chuo kilikuwa kikifungwa na kufunguliwa ovyo. Asiyewasilisha Jumatatu, siku ya mwisho, hakuwa na hakika kama kungekuwa na walimu wa kuipokea kazi yake baadaye. Dada alilijua hilo vizuri, akasimama nyuma ya kiti changu akinihemea shingoni mpaka nikamwambia asogee.

Ndipo taa ikaanza kufifia na kuwa nyekundu. Mtu yeyote wa mji wetu wa Likasi alijua la kufanya: kimbia, chomoa kila kitu, maana umeme ukirudi hurudi kwa hasira na kuunguza. Friji yetu ilikufa hivyo. Mama alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga, akachomoa waya wa kompyuta ukutani. Disketi ilikuwa bado inasomwa.

“Naliona taa iko nafwa,” alisema, amejaa fahari, “njo nalitosha prise.”

Umeme ulipotulia, niliwasha. Feni ikazunguka, kompyuta ikapiga mlio wake, kisha kwenye kioo yakatokea maneno ya Kifaransa kwamba diski haina mfumo wa kuiwashia. Nikazima, nikawasha. Yale yale. Nilifungua kifuniko, nikanusa kama kuna kilichoungua, nikasukumasukuma nyaya, nikapuliza vumbi, yaani kila kitu ambacho fundi asiyejua hukifanya mbele ya watu. Niliamini kwamba kukatiwa umeme katikati ya kazi kumeiua diski, na nililisema hilo kwa sauti.

Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimgeukia mama, akasema polepole:

“Mama, weye usiguse tena kintu ya hapa.”

Mama akaitazama mikono yake. Akarudi jikoni kwenye bukari yake, ugali wa jioni, lakini sikusikia mwiko ukigonga sufuria.

Nilibaki mbele ya mashine nikisali, mimi ambaye hata kwenda misa nilikuwa nikivutwa. Mwisho nikaamua kujaribu disketi ya kuwashia. Nilipotaka kuiingiza, mlango wake ulikuwa umejaa. Disketi ya nakala ilikuwa bado humo. Mama alipochomoa waya niliogopa kuitoa nisije nikaiharibu, kisha nikaisahau. Na kompyuta ile, kila ikiwaka, ilitafuta pa kuanzia kwenye disketi kwanza. Ilikuta nakala tu, ikagoma. Haikuwa na ugonjwa wowote. Nikaichomoa, nikawasha, ikaamka. Nikairudia disketi ile tangu mwanzo, na zilizobaki, na kazi ya dada ikafunguka yote, ukurasa kwa ukurasa. Alilia bila kujificha.

Nikaenda jikoni.

“Mama, haikuwa weye. Ni minye njo nilisahabu disquette mu machine. Weye ulifanya bien.”

Na ni kweli alifanya vizuri: saa ile ile televisheni ya jirani iliungua. Dada naye akaja, akapiga magoti, akaomba msamaha.

“Yaliisha, mwanangu,” mama akasema, akaendelea kusonga.

Dada aliwasilisha, akapata diploma yake, na watoto wengi wa mji huu wamepokelewa na mikono yake. Lakini mama, mwenye nyumba, miaka yote aliyobaki nayo, kila jioni akisimama mbele ya swichi ya chumba chake mwenyewe, alituita kwanza sisi wanawe:

“Banangu, nizimishe, ao niache?”