Tulipoubeba Mpira Mikononi

Mwanangu, kabla hujaondoka nikusimulie: ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, ingawa sasa nami ni bibi wa watu. Ilikuwa kiangazi, hapa hapa Ulemo, miaka michache baada ya uhuru. Kaka yangu Daudi alinikuta nafunga kanga kiunoni niende uwanjani. Akasimama mlangoni bila kunitazama.

"Wazee wamesema usije tena," aliniambia. "Umeshakuwa mkubwa."

Daudi ndiye aliyenifundisha kandanda, kwa mpira wa matambara tulioushona wenyewe. Wavulana walikuwa wakigombania niwe upande wao, lakini siku ile hakuna hata mmoja aliyenitetea. Nilikaa nyuma ya nyumba nikipepeta uwele na kusikiliza kelele zao. Kukatazwa jambo unaloliweza, mwanangu, ni njaa isiyotulizwa na ugali.

Baadaye nikapelekwa shule ya bweni ya wasichana. Huko alikuwapo mwalimu wa kike kutoka ng'ambo, aliyekuja kufundisha kwa kujitolea. Alikuwa na mpira wa ajabu, umechongoka pande mbili, na mchezo wake uliitwa raga. Mpira unaukumbatia, unakimbia nao, na wa upande wa pili wanakukamata wakuangushe. Kandanda tulishakatazwa. Raga hakuna aliyeijua, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kuikataza.

Niliingia kwa moyo wote, ila miguu yangu ilikuwa na ubishi. Kila mpira ulipodunda karibu, nilitaka kuupiga teke. Rafiki yangu Zuhura, binti wa kutoka Mgori, alikuwa akinicheka. "Mikono, dada. Safari hii Mungu amekupa mikono."

Jioni moja nilichomoka na mpira. Zuhura akanifukuza, akanidaka kiunoni vile vile tulivyofundishwa, nikaangukia bega. Nikausikia mfupa ukilia.

Nilirudishwa nyumbani mkono umefungwa kifuani. Majirani walikuja kunipa pole, na ndani ya pole yao mlikuwa na mwiba: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baba akasema shule basi. Mimi mwenyewe, kwa kuyasikia hayo kila siku, nikaanza kuyaamini. Nikamwambia bibi yangu, mama yake baba, kwamba nimeyataka mwenyewe.

Bibi alikuwa akimenya karanga. Akaweka ungo chini, akaninyooshea kifundo cha mkono wake, kilichokuwa kimepinda tangu sijazaliwa.

"Hiki kilivunjika nilipoanguka na mzigo wa kuni," alisema. "Umewahi kusikia mtu akiniambia niache kuokota kuni?"

"Hapana, bibi."

"Shangazi yako alifia kwenye uzazi. Kuna msichana aliyeambiwa asizae? Basi usiniletee maneno ya nimeyataka. Kuumia si hukumu. Halafu yule mwenzio aliyekuangusha, unajua analala na mzigo gani huko?"

Baba alikuwa nje ya mlango, akasikia yote. Alikohoa, akaenda zake. Bega lilipopata nafuu, akanisindikiza shuleni mwenyewe.

Zuhura aliponiona hakuweza hata kunisalimu. "Mkono uliokuangusha ni huu," alisema, akaushika kama kitu anachotaka kukitupa.

"Ungeniacha nipite ningejua umenidharau," nikamwambia. "Ulicheza vizuri."

Alilia, nami nikalia. Nashukuru nilimwambia, maana muda haukuwa mrefu.

Raga haikurudi. Mwalimu yule alikuwa amekwenda kwao. Likaja agizo kwamba shule zijitegemee, uwanja wetu ukalimwa, tukapanda mtama. Mkono wa bega lile ukagoma kupanda juu ya sikio, na mpaka leo nikijitwisha ndoo nasaidiwa. Zuhura akatolewa shule, akaozwa. Miaka ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, nilikwenda Mgori kumtafuta, nikakuta kuta zisizo na paa. Niliowauliza hawakujua. Nikisikia kwamba siku hizi kuna wasichana wanaocheza raga, nafurahi kidogo, kisha nasikitika, kwa kuwa sina Zuhura wa kumsimulia.

Sasa nisikilize. Njia yako ikizibwa, pita nyingine, lakini usidhani hiyo haina miiba. Ukiumia, usikubali jeraha lako ligeuzwe shahidi wa kukushtaki. Wanaokusimanga nao wana makovu yao, ila ya kwao yameitwa kazi. Na mtu akikuumiza bila kukusudia, mfuate mapema umtue mzigo. Watu huhama, mwanangu, na wengine hawaachi hata nyayo.

Nenda salama. Mungu akujalie mifupa migumu na moyo laini, na siku utakapoanguka, akuletee mtu wa kukuinua bila kukusimanga.