Redio ya Eriki imeshinda ya Papa

Leo redio ya Eriki imeshinda, na nyumba nzima tumelia.

Ni hivi. Papa ana redio ndogo ya CD, ile ya kushika mkononi. Imezeeka, sauti inakwaruza. Mdogo wangu Eriki amepata nyingine ya zamani huko Bukavu, amevuka mpaka nayo leo asubuhi akijisifu: "Yangu iko na sauti safi kuliko ya Papa!"

Basi tukazipima. CD ni moja, ya korali, marehemu Maman anaimba mbele.

Kwa ya Papa: mikwaruzo, halafu Maman.

Kwa ya Eriki... weee! Unasikia hata watu wa korali wakivuta pumzi.

Tukamuwekea Papa ekuteri za redio ya Eriki, zile za kusikilizia, masikioni. Akatabasamu. Halafu akaacha.

"Anakohoa," akasema. "Mbele ya kuanza. Anakohoa ndani ya kitenge, ili mikro isisikie."

Sisi tulidhani ule ugonjwa uliomchukua ulimkamata muda mrefu baada ya kurekodi ile CD. Kumbe alikuwa nao tayari. Maman akauficha, akaimba.

Papa akamrudishia Eriki redio yake polepole. "Ni nzuri sana, mtoto wangu. Sasa unipe yangu."

Ninyi mungechagua ipi?

Papa yuko uani sasa, anasikiliza ile inayokwaruza.